Mpangaji kahama na kodi ya miezi saba, mama anasema tuache, kaka anataka kutuma vijana

Anti shikamoo. Jina langu naomba usilitoe maana wahusika wakisoma watajijua wenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeajiriwa, nina watoto wawili, tunakaa Tabata hapa Dar. Baba yetu alifariki 2019 akatuachia nyumba. Mbele tunakaa mimi, wanangu na mama, uani kuna kajumba ka vyumba viwili na sebule, choo ndani, mita yake ya LUKU, hako ndo tunapangisha. Hiyo kodi ndo inayonunua dawa za mama, ana presha na sukari, na bomba likipasuka ndo inamlipa fundi. Mshahara wangu mimi unaishia kwenye ada na nauli.

Machi 2022 dalali akatuletea familia moja. Mume dereva wa malori ya kwenda Tunduma, mke nimuite Mama K, na watoto wawili. Mkataba mama aliandikishana na yule mume mbele ya mjumbe, laki na themanini kwa mwezi, wakatoa miezi sita kwa mpigo. Ilipoisha wakatoa sita mingine bila kusumbua. Baadae ikawa mitatu mitatu, alafu mmoja mmoja, na sisi tukanyamaza maana walikuwa watu wazuri sana, na hapo ndo penye shida yenyewe anti.

Mwaka 2023 mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mimi natoka nyumbani bado giza na kurudi ni usiku, foleni unazijua. Aliyekuwa anamuogesha mama, anambadilisha nguo, anamkorogea uji, ni Mama K. Hakuna aliyemwomba na hakudai hata mia. Mama alipoanza kujifunza kutembea upya ni Mama K alikuwa anamshika mkono wanazunguka uani asubuhi jua halijawa kali, mkono mmoja wa mama kwenye fimbo, mwingine begani kwa Mama K, na mtoto mdogo wa Mama K anatangulia mbele anatoa ndoo na viatu njiani bibi asijikwae.

Mwanzoni mwa 2024 yule mume akaanza kupotea. Anakuja mara moja kwa mwezi, baadae hata simu hapokei, tukasikia ana mwanamke mwingine huko Tunduma. Kuanzia Februari kodi ikasimama. Kila nikimuuliza Mama K jibu ni hilohilo, dada nivumilie mwisho wa mwezi. Nikavumilia mpaka Agosti. Wikiendi moja nikaenda msibani Morogoro, narudi Jumapili jioni nakuta nyumba ya uani iko wazi, imedekiwa, funguo zimewekwa dirishani kwa mama. Kahama kimya kimya na miezi saba yangu, milioni moja na laki mbili na sitini ukiacha bili ya maji. Mama eti anasema aliagwa vizuri tu na akawaombea safari njema. Kirikuu ilijaa wakaacha friji wakasema watalirudia, kaka yangu akawahi kulitia stoo akapiga kufuli, liko huko mpaka leo, mlango wa friji umefungwa kwa kamba.

Mwanzoni nikipiga alikuwa anapokea ananiambia anajipanga. Baadae akaniblock. Nikampigia kwa namba ya kazini akapokea, unajua kanijibu nini? Eti deni ni la mume wake maana mkataba kasaini yeye, na kwamba kodi ya jengo kwenye LUKU alikuwa anakatwa yeye miaka yote mbona hilo silisemi. Anti nilitetemeka. Mtu niliyemuona ndugu! Alafu jirani akanionyesha stetasi zake, sa hivi yuko Chanika anauza madera, na nyuma yake sebuleni kuna sofa mpya kabisa nyekundu, yani hela ya sofa ipo ya kodi yetu haipo.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Kaka anasema ana vijana wake wa bodaboda, wakienda Chanika mara moja hela itapatikana au watarudi na hiyo sofa. Binamu yangu anasema tuirushe picha yake na ile kopi ya kitambulisho chake kwenye magrupu ya wasapu, tuandike tapeli, ataona aibu atalipa. Polisi nilienda wakaniambia hayo ni madai niende mahakamani. Mama ndo kabisa, anasema "mimi nilishalipwa, msimsumbue yule mtoto". Lakini dawa zikiisha mama huyohuyo ananiangalia mimi, na mwezi uliopita nimekopa kikoba kununua.

Nikimuogesha mama namkumbuka Mama K, alafu hapohapo nakumbuka ile simu nachemka upya. Nikidai najiona sina shukrani, nikiacha najiona mjinga niliyechezewa. Dawa ya deni si ni kulipa jamani? Naomba ushauri wako, nifanyeje?

Mdogo mtu, Tabata

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole ya kodi na pole ya kumuuguza mama huku unafanya kazi, maana kwenye barua yako nimeona unabeba nyumba nzima na hakuna mahali umesema kuna mtu anakupokea mzigo.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nikielewa sawasawa wewe una mambo mawili yamefungana. Kuna hela ambayo familia inaihitaji kweli, ya dawa, sio ya anasa. Alafu kuna kuumia, kwamba mtu aliyeingia mpaka bafuni kwa mama yako leo anakublock na kukujibu kama mwanasheria. Hayo mawili sio kitu kimoja. Hela inaweza kulipwa yote na bado ukabaki umeumia, au mkapatana mkalia pamoja na hela isirudi. Ndo maana sitakuambia dai au acha. Ila kuna vitu kwenye barua yako nataka tuviangalie pamoja kabla hujafanya lolote, maana naona umevipita haraka.

Cha kwanza ni nani anadai na nani anadaiwa. Umeandika "miezi saba yangu", na nakuelewa kwasababu wewe ndo unayehangaika. Lakini mkataba umeandikwa kati ya mama na yule dereva. Kwaiyo kwenye karatasi anayedai ni mama yako, na anayedaiwa ni mume wa Mama K. Wote wawili mnaogombana, wewe na Mama K, majina yenu hayapo pale. Mnapigania deni la watu wengine wawili ambao mmoja anasema kalipwa na mwingine yuko Tunduma hakuna hata mtu anayempigia simu.

Naomba usichukie nikisema hivi, lakini lile jibu lake lililokutetemesha, la kwamba mkataba kasaini mume, ubaya wake uko kwenye namna alivyolisema. Kwenye ukweli wake hajakosea sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mume ana wajibu wa kumpa mke wake malazi, mavazi na chakula. Huyu mwanaume kaacha mke na watoto kwenye nyumba ya kupanga, kodi ikasimama mwezi uleule alipopotea. Sikuambii kwamba Mama K hausiki kabisa, alikaa pale miezi saba anajua kodi inasoma, na alikuwa anakuahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Ila jiulize kwanini familia nzima inaangalia Chanika na hakuna anayeangalia Tunduma. Naona ni kwasababu Mama K ndo anayeonekana, ana stetasi. Namba ya yule baba mnayo? Kampuni aliyokuwa anaendeshea lori mnaijua? Mjumbe aliyeshuhudia mkataba anaweza akawa na kumbukumbu zake. Hata kama hamtapata kitu huko, mkimtafuta yeye kwanza hata Mama K atajua hamkumfuata yeye kwasababu ni mwanamke aliyeachwa peke yake.

Kitu cha pili, umesema kahama kimya kimya. Lakini hapohapo ukasema mama aliagwa na akawaombea safari njema. Mdogo wangu, huyo sio mtu aliyetoroka. Kamuaga mwenye nyumba, kadeki, kaacha funguo na friji juu. Wanaotoroka kodi wanaondoka usiku na funguo mfukoni. Inawezekana alichagua siku ambayo wewe haupo kwasababu alikuwa anakuogopa au anakuonea aibu, hilo linawezekana kabisa na sio ujasiri. Ila nakuomba sana, kaa na mama siku ametulia umuulize taratibu bila kumhoji kama polisi: siku ile walipoagana walisemezana nini kuhusu kodi? Maana ninachohisi, na naweza kuwa nakosea, ni kwamba mama alimwambia maneno ya kumuachia. Wazee wetu wanasema "nenda mwanangu, Mungu anajua" na mtu anaondoka akijua kasamehewa na mwenye nyumba, alafu wiki mbili baadae anapigiwa simu na mtoto wa mwenye nyumba anadaiwa. Kama ni hivyo basi hata kublock kwake utakuona kivingine. Kama sivyo, kama mama alimwambia "utaleta ukipata", basi deni lipo na mama ndo shahidi wa kwanza. Jibu la swali hilo moja litabadilisha mengi.

Na hiyo sofa. Najua inauma, ungekuwa mbele yangu ningekushika mkono. Lakini sofa kwenye stetasi haikuambii imelipiwaje. Inaweza kuwa ya mkopo, inaweza kuwa imo sebuleni kwa mwenye nyumba wake mpya, na mama anayeanza kuuza madera akiwa na watoto wawili na mume hayupo mara nyingi mtaji wake ni kausha damu, yani kila siku jioni kuna mtu anakuja kuchukua rejesho. Inawezekana pia ana hela kweli na kaamua kutokulipa. Wewe hujui, na mimi sijui. Usifanye maamuzi kwa kitu ulichokiona nyuma ya dera.

Ile ya kodi ya jengo naomba uipokee kabisa, tena ikubali kabla hajakukumbusha tena, kwasababu hapo ana haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Serikali ilipoanza kuikata kwenye LUKU Agosti 2021 ilikuwa elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, na anayekatwa ni yeyote anayenunua umeme. Wapangaji wengi Dar wamelalamika na wenye nyumba wengi hawataki kusikia. Kama mita ya uani ndo iliyokuwa inakatwa, toka Machi 2022 mpaka Agosti 2024, piga hesabu mwenyewe, elfu moja miezi kumi na sita, 1,500 miezi kumi na nne, haifiki elfu arobaini. Kwenye milioni moja na ushee ni hela ndogo, lakini ukimwambia "nimeitoa, ulikuwa sahihi" utakuwa umesema kitu kikubwa kwa mtu anayekuona wewe unadai chako tu chake hukioni.

Sasa hizo njia za kaka na binamu.

Vijana wa bodaboda hapana, na hapa naongea kwa ukali kidogo kwasababu naogopa kwa ajili yako. Wakifika kule wakachukua sofa ya mtu, hilo halitaitwa kukusanya kodi, litaitwa wizi au unyang'anyi, na watoto wakiumia kwenye purukushani ni kesi nyingine. Mtu pekee anayeweza kukamata mali ya mdaiwa ni dalali wa mahakama akiwa na amri ya mahakama mkononi, na huyo sio dalali wa nyumba wa kijiweni. Leo wewe ndo mwenye haki, ukituma vijana kesho Mama K ndo atakuwa mlalamikaji, na polisi waliokuambia ni madai safari hii watafungua jalada.

Picha na kitambulisho kwenye magrupu nayo nakusihi usifanye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kopi ya kitambulisho uliyopewa kwa ajili ya kupangisha nyumba sio ya kusambaza. Kuna na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na ukimuita tapeli mtu ambaye hata mkataba hakusaini anaweza kukushtaki kwa kumchafua. Tena ana watoto, na watoto wana shule na wenzao wana simu. Ikisharuka kwenye grupu huwezi kuirudisha hata akilipa kesho yake.

Friji. Hili nina wasiwasi nalo kuliko unavyodhani. Hakuna aliyewapa ruhusa ya kulishikilia, sio mahakama wala mwenyewe, na likiharibika stoo atakuja kusema lilikuwa zima. Fungua stoo mchana akiwepo mjumbe, lipige picha pande zote na ndani, andikeni hali yake mweke sahihi. Alafu amueni kama mnalirudisha. Faida ya kulirudisha ni kwamba unakuwa na sababu ya kumtafuta ambayo sio kudai, na akija kulichukua mtaonana uso kwa uso. Hasara yake ni kwamba kaka atasema mmeachia kitu pekee mlichonacho, na Mama K anaweza akalichukua akanyamaza vilevile. Unaweza ukaumia mara ya pili, nakuambia mapema.

Tukija kwenye kudai kwa njia ya kawaida, muda unao. Madai ya mkataba na malimbikizo ya kodi sheria inatoa miaka sita, kwaiyo hakuna sababu ya kukimbizana wiki hii. Mwanzo ni barua tu, ya heshima, kwa jina la mama, inayosema mkataba wa lini, miezi ipi haikulipwa, imetolewa kiasi gani cha kodi ya jengo, kimebaki kiasi gani. Ukitaka suluhu mbele ya mtu wa tatu mnaweza kwenda serikali ya mtaa anakokaa, mwenyekiti au mtendaji akawakutanisha. Baraza la kata nalo lipo, ila toka mabadiliko ya 2021 kwenye mambo ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena.

Pale mkikubaliana, hata kama ni elfu hamsini kwa mwezi, muandike. Maandishi ya kukiri deni yenye kiasi, tarehe za kulipa na sahihi yana nguvu kuliko ahadi mia za mwisho wa mwezi, na deni likikiriwa kwa maandishi ile miaka sita inaanza kuhesabiwa upya. Lakini kuna jambo la haki hapa nataka ulishike: Mama K akisaini karatasi hiyo anakuwa amejibebesha yeye deni ambalo mpaka sasa kwenye maandishi ni la mume. Asisaini kwa kutishwa, na asisaini bila kuelewa. Mwambie kabisa akae nayo siku mbili aonyeshe mtu anayemuamini. Labda mtaona abebe nusu, ile miezi aliyokaa akiahidi, na nusu ifuatwe kwa baba watoto. Labda mtaona hata hiyo nusu ni nyingi. Hayo ni yenu.

Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya madeni ya mkataba, inaendeshwa kwa Kiswahili, na watu wengi wanajisimamia wenyewe bila wakili. Ila mdai atakuwa mama, sio wewe, na mama asipotaka hakuna kesi. Hata akitaka, mfikirie amesimama na fimbo yake anamshitaki aliyemfundisha kutembea upya. Mtaulizwa pia mkataba, na mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe na faini yake. Meseji zake za "dada nivumilie" usizifute, na miamala ya simu ya kodi alizolipa nayo itunze, ushahidi wa kielektroniki unakubalika toka sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015. Na uwe tayari kwa hili, kushinda kesi ni kitu kimoja, kupata hela kutoka kwa mtu asiye nayo ni kitu kingine.

Njia ya kuacha nayo ni njia, usiione ya kijinga. Hesabu kidogo tu: ungemtafuta mtu wa kumuogesha na kumlisha mama kwa miezi ile, akalala akaamka naye, ungemlipa ngapi kwa mwezi? Sisemi Mama K alifanya kwa malipo, yeye mwenyewe hakusema hivyo hata kwenye ile simu ya hasira, na hilo nimeliona, alitaja LUKU hakutaja kumuogesha mama. Mama akisema "nilishalipwa" anaongea kitu anachokijua mwilini mwake. Ila kuacha kuna gharama na gharama hiyo inaangukia kwako, kwenye dawa na kikoba. Kwaiyo kama familia inaachia, familia nzima ibebe. Kaka anayetaka kutuma vijana Chanika, anatoa kiasi gani kwenye dawa za mama kila mwezi? Hukuandika. Nauliza bila kumhukumu, labda anatoa. Kama hatoi basi muulize mbele ya mama, maana naona sehemu ya hasira yako kwa Mama K ni ya kubaki peke yako, na yeye ndo alikuwa mwenzako wa mwisho pale uani.

Na mkipata mpangaji mwingine naomba msilimbikize tena, kodi ya mwezi mmoja ikipita ongeeni palepale. Wote wawili mume na mke wasaini.

Jambo la mwisho hukuniuliza. Baba kafariki 2019 na kwenye barua sijaona popote msimamizi wa mirathi. Nyumba nyingi Dar ziko hivyo, watu wanasema hatuna ugomvi ya nini kwenda mahakamani, mpaka siku mpangaji anakataa kulipa anauliza nyumba ni ya nani. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, wahudhuriaji wote wasaini, mmpendekeze mtu wa kusimamia mirathi, muende mahakamani na cheti cha kifo. Muhtasari huo ndo watu wengi wanarudishwa nao, mara waliohudhuria hawakusaini, mara mrithi mmoja hayumo, kwaiyo uandikeni vizuri toka mwanzo. Na kikao hichohicho kinaweza kuzungumza habari ya Mama K, mama akiwa amekaa katikati na yeye ndo anaanza kuongea.